Bunduki Aliyoichagua Baba

Gannet Cove,
Newfoundland.
Tarehe 3 Novemba

Kaka yangu mpendwa Garland,

Nakusalimu kwa moyo wote, na nyuma ya salamu zangu zipo za Baba, ambaye amekaa hapa karibu na jiko anamenya viazi. Mgongo wako unaendeleaje tangu uteleze kwenye ngazi za kazini? Noreen hajambo? Na wale pacha, wameshazoea shule mpya? Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu na majira. Theluji haijashika chini bado, lakini kila asubuhi ndoo ya mlangoni ina utando wa barafu, na mashua zote zimeshavutwa juu.

Nimeona nikuandikie kwa mkono, maana kwenye simu hatukufika popote. Uliponikatia Jumapili ile sikukasirika. Ningekuwa mimi niko huko Alberta, mwisho mwingine wa nchi, nikaambiwa na baba mdogo Hedley kwamba Baba alimwelekezea bunduki kifuani, Baba huyu ambaye siku hizi huniita kwa jina la marehemu Mama, mimi pia ningepaza sauti. Uliniuliza ni mtoto gani mwenye akili timamu anayempa mzee wa namna hiyo bunduki. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimefungwa kwa ahadi. Sasa aliyenifunga amenifungua. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujainua simu tena.

Aliyokuambia Hedley ni ya kweli. Ila siku ile alikuwa hajui yote.

Unakumbuka sheria ya Baba: kambi moja, risasi moja. Tangu sisi wadogo, yeye na Hedley na jirani yetu Selby Pardy wote hutumia sifuri-sita, bunduki za thelathini na sifuri sita, na mimi nilipoanza kuwinda nikanunuliwa hiyohiyo. Baba alisema wanaolala kibanda kimoja hawana haja ya kubishana nani ana risasi gani. Mtu akiishiwa, anatia mkono mfukoni mwa mwenzake. Selby alipowahi kujinunulia ile ya mia tatu, yenye nguvu ya kuangusha ghala, darubini ya bunduki ilimrudia usoni ikampasua nyusi, na Baba akamshona kwa uzi wa nyavu huku akimwambia kwamba kulungu ameponea na mwindaji ndiye aliyepigwa. Selby aliiuza wiki ileile.

Kwa hiyo mwezi wa Agosti Baba alipotangaza kwamba anaiacha sifuri-sita, ilikuwa kana kwamba kasisi ametangaza kuhama kanisa. Tulikuwa jikoni kwa Hedley. Kura ya vibali vya kuwinda ilikuwa imetoka, na safari hii kibali cha kulungu mmoja kilikuwa kwa jina langu na la Baba pamoja. Baba akasema bega lake limechoka na anataka bunduki nyepesi zaidi. Kila mtu akawa mtaalamu. Selby alimshauri achukue ile ya mia mbili na sabini, ambayo mkewe humpigia nayo kulungu kila mwaka bila kulalamika. Hedley akasema kama ni bega, basi achukue ya mia tatu na nane, ni mdogo wake sifuri-sita, na duka la hapa mjini halikosi risasi zake. Baba aliwasikiliza wote, akatikisa kichwa. Akasema kwa marehemu Ambrose Strickland, ng'ambo ya ghuba, kuna bunduki ya zamani ya Kijerumani, ya milimita saba, na mjane wake anataka kuiondoa nyumbani. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

Hedley alicheka mpaka akatokwa na machozi. “Saba, kaka? Ukimpiga nayo kulungu atadhani ni mbu. Atajikuna aendelee kula.”

Baba akamjibu kwamba kulungu hajui kusoma namba zilizoandikwa kwenye ganda la risasi, anachojua ni mahali risasi ilipoingia. Akaeleza kwa utaratibu, kama zamani alipokuwa anatufundisha. Kwenye kinamasi chetu hatujawahi kumpiga mnyama kwa mbali, urefu wa uwanja wa mpira hutosha. Risasi ya saba ni ndefu na nzito kwa unene wake, haina haraka, huingia nyuma ya bega na kufika kwenye mapafu bila kupasuka njiani. Bunduki isiyopiga teke haimfanyi mtu afumbe macho kabla ya kuvuta triga. Wanyama wengi waliojeruhiwa na kupotea vichakani, alisema, wamepotezwa na watu wanaoziogopa bunduki zao. Nilimtazama nikasahau kabisa kwamba asubuhi ile alikuwa ameweka buti zake ndani ya jokofu.

Kicheko kikafutika usoni mwa Hedley. Alisema kwa sauti ya chini kwamba risasi za saba hata dukani hazipo, lazima ziagizwe kutoka mbali, na kambini hakuna hata mmoja atakayeweza kumsaidia. “Miaka yote hii, kaka, halafu unajitenga nasi uzeeni.” Baba alikunywa chai yake akaomba tuondoke. Kwa wiki nzima ndugu wale wawili hawakutembeleana, nawe unajua milango yao inatazamana.

Mimi nilimwendesha Baba ng'ambo ya ghuba tukaichukua ile saba. Mjane alitupa pamoja nayo kisanduku cha risasi kilichosalia. Baba akaipangusa na kuitia mafuta jioni nzima, akaitundika ukutani mahali pa ile ya zamani. Ile ya zamani aliipeleka mwenyewe kituo cha polisi, akasema imezeeka.

Tuliingia kambini katikati ya Oktoba. Nisikufiche, zilikuwa siku njema. Baba alilala vizuri, akala vizuri, akamtania Selby kwa supu yake ya dengu yenye chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki. Mara moja tu alitoka nje akasahau mlango uko upande gani, na Selby akajifanya naye anatoka, akarudi naye wakizungumza habari za upepo. Kumbe kila mtu alikuwa anajua, kila mtu amenyamaza kwa namna yake.

Asubuhi ya tatu mimi na Baba tulikaa ukingoni mwa kinamasi, penye misonobari mifupi iliyopindwa na upepo wa bahari. Hedley na Selby walizunguka upande wa pili wa kilima. Baba akaiweka ile saba magotini, akazungushia viganja vyake mdomoni, akaita. Garland, sauti ile haijazeeka. Alilia kama kulungu jike mwenye upweke, akanyamaza, akangoja, akalia tena kidogo tu, kama anayejuta kwamba amelia. Mtu anaweza kusahau majina ya wajukuu wake na bado akajua ni muda gani wa kunyamaza.

Dume likatoka kwenye ukungu likitembea polepole, pembe zake zikikwaruza matawi. Unawajua kulungu wetu, mtu mzima akisimama karibu nao haoni upande wa pili wa mgongo. Baba hakuinua bunduki. Alinigusa goti kwa kidole, akaninong'oneza nisubiri ligeuze ubavu. Likageuza. Nilipiga mara moja. Likapiga hatua chache kama lililokumbuka jambo, likalala. Baba akavua kofia, akasimama kichwa wazi kwenye manyunyu kama alivyofanya siku zote, na mimi nikavua yangu.

Hedley na Selby walisikia mlio wakaja. Tulifanya kazi mpaka mchana, tukachuna, tukafunga nyama kwenye magunia. Hedley alikuwa amelainika, hata akamsifu Baba kwa mwito ule, akasema kambi ingekuwa na njaa bila koo lake. Kisha yeye na Selby wakabeba mapaja ya nyuma kuyapeleka kwenye pikipiki ya magurudumu manne, tuliyoiacha mahali ardhi ilipo ngumu. Mimi na Baba tukabaki na nyama iliyobaki. Ukungu ukazidi. Yeye alikaa kwenye gogo, amechoka, mimi nikiwa nimeinama nafunga magunia.

Nikasikia matawi yakivunjika. Nilijua ni wao wanarudi. Baba akainuka na kusema kwa sauti ya utulivu kabisa, “Effie, dume lingine hilo.”

Nilimwambia si kulungu, ni baba mdogo. Hakunisikia. Macho yake yalikuwa macho ya kuwindia, nami nilikuwa sipo mbele yake. Hedley alikuwa amevaa fulana ile ya rangi ya chungwa inayoonekana hata na kipofu, na bila shaka macho ya Baba yaliiona, ila kichwa hakikuipokea. Akatia mkono mfukoni, akatoa risasi inayong'aa, akaisukuma ndani ya bunduki, akasukuma komeo lifunge.

Halikufunga. Akairudisha nyuma, akasukuma tena kwa nguvu. Risasi ilikuwa imeng'ang'ania nusu ndani nusu nje. Hapo ndipo Hedley alipotokeza kwenye vichaka, akamwona kaka yake amemwelekezea mtutu na anahangaika na komeo. Alipiga kelele jina lake. Selby akajitupa matopeni. Mimi nilifika, nikashika mtutu nikauelekeza chini, na Baba hakunipinga.

Akaitazama ile risasi. Akaitazama bunduki. Kisha akanitazama mimi, na nikaona akili yake ikirudi usoni taratibu, kama taa inayowashwa chumba hadi chumba.

“Imekataa,” akasema.

“Ndiyo, Baba. Imekataa.”

“Namshukuru Mungu.” Akakaa chini palepale kwenye maji ya kinamasi, akajifunika uso.

Risasi ile ilikuwa ya sifuri-sita, isiyoweza kuingia katika saba. Alfajiri, nilipokuwa nafunga mkate na chai ya chupa, Baba alimfuata Hedley nje akamwambia amesahau risasi zake nyumbani. Hedley akatia mkono mfukoni akampa mbili. Hakukumbuka kabisa kwamba bunduki imebadilika, mkono wake ulifanya ulichozoea. Nilipomuuliza baadaye, alinitazama kama nimemtukana. “Nani humnyima kaka yake risasi?” akasema. Jioni ile, tuliporudi kijijini, ndipo alipokupigia simu akakuambia mimi nimemwachia kichaa bunduki.

Sasa nakuambia nilichokuwa siwezi kukuambia.

Mwezi wa Agosti, siku chache kabla ya ubishi ule jikoni, Baba aliniita bandani. Ilikuwa moja ya siku zake safi. Alinifungia mlango, akanikalisha kwenye ndoo ya rangi, akaniambia ana neno la kuungama. Akasema mwaka jana, siku ya mwisho ya msimu, aliona kulungu kati ya misonobari. Aliweka alama ya darubini nyuma ya bega, akafungua kizuizi cha usalama, akaanza kukaza kidole. Halafu kulungu akakohoa. Alikuwa Hedley, ameinama anafunga kamba ya kiatu. Hedley hakujua. Na hatajua kamwe, Baba alisema, isipokuwa yeye mwenyewe amwambie. Baba alilala majira yote ya baridi akisikia kile kikohozi.

Nilimwambia basi asiende tena. Akasema ndivyo alivyoamua, ila baada ya mwaka huu. Kibali kimetoka, mimi sijui kuita kulungu, na hakuna mwingine anayejua. Akaniambia, na haya ni maneno yake kama nilivyoyasikia: “Nikibaki nyumbani Oktoba watu wakaenda, nitakuwa nimekufa kabla ya kufa. Na nikienda bila bunduki, Hedley atanitazama kama mgonjwa. Nipe msimu mmoja wa kuwa mtu.”

Nikasema sawa, nitakaa na risasi zake mimi. Akatabasamu kwa huzuni, akaniona mtoto.

“Ukizificha, nitamwomba Hedley, na Hedley atanipa. Nikimwonya leo asinipe, siku hiyo nitamdanganya, na nitamdanganya vizuri kwa sababu nitakuwa sijui kwamba nadanganya. Mtu nitakayekuwa siku hiyo simwamini, Effie. Lazima bunduki yenyewe imkatae.”

Alikuwa amekwisha kuyafikiria yote. Alipitia moyoni kila aina ya bunduki iliyomo kijijini, moja baada ya nyingine, akatafuta ambayo risasi yake haipo mfukoni mwa mtu yeyote wa kambi yetu, wala kambi ya jirani, wala dukani. Ya mia tatu na nane akaikataa kwa sababu kila nyumba inayo. Ya mia mbili na sabini akaikataa kwa ajili ya mke wa Selby. Ikabaki ile saba ya marehemu Ambrose. Bega lake halikuwa na shida yoyote, Garland. Yale yote aliyoyasema jikoni juu ya uzito na mapafu na teke yalikuwa ya kweli, lakini hakuichagua kwa hayo. Sisi wengine hutafuta risasi itakayomfaa kulungu. Yeye alitafuta itakayomfaa ndugu yake.

Kisanduku cha mjane nilikitupa baharini siku ileile tuliporudi, Baba akishuhudia. Mpaka leo hakuna hata risasi moja ya saba iliyowahi kuingia katika bunduki ile mikononi mwake.

Aliniapisha nisimwambie mtu, na Hedley zaidi ya wote. Alivumilia kuchekwa, akavumilia mlango wa ndugu yake kufungwa wiki nzima, asiseme. Mimi nilivumilia naye, lakini sidai kwamba nilikuwa sahihi. Usiku mwingine nawaza kwamba ningemwambia Selby tu, kwa siri, awe jicho la pili. Nawaza pia kwamba ningeihesabu mifuko ya Baba asubuhi ile. Wewe utahukumu, na nitakubali.

Kesho yake baada ya kurudi kutoka kambini, Baba aliamka na kumbukumbu kamili. Alivaa koti la kanisani akavuka barabara kwa Hedley, mimi nikamfuata nyuma. Alimwambia yote akiwa amesimama: kile kikohozi cha mwaka jana, ile saba, sababu yake. Kwa kuyasema yeye mwenyewe, alinifungua ahadi yangu. Hedley alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akamimina chai, akatia maziwa, akasahau akatia tena, mpaka kikombe kikafurika mezani. Alichukua funguo za gari, akaenda na Baba kuikabidhi ile saba kwa polisi, na tangu siku hiyo humjia kila asubuhi wanakwenda pamoja gatini kutazama maji. Aliniambia atakupigia simu akuombe radhi kwa maneno aliyoyatumia. Usimwachie aseme mengi, inamuuma.

Wewe njoo Krismasi, kaka. Nauli usiiwazie, tutasaidiana. Njoo akiwa bado anakufahamu japo nusu ya siku. Daktari wa mjini anasema kasi itaongezeka, na mimi naiona.

Siku zake safi zimekuwa chache. Karibu kila siku anatazama ukutani, pale penye misumari mitupu, ananiuliza bunduki iko wapi. Mwanzoni nilikuwa namdanganya kwamba iko kwa fundi. Siku hizi nimeacha. Naketi naye namsimulia kisa chote tangu mwanzo, kuhusu mzee mmoja aliyeogopa kumuua ndugu yake, akachagua bunduki ambayo hakuna mtu angeweza kumsaidia nayo. Anasikiliza kwa makini kama anayesikia habari za mtu wa kijiji kingine. Jana nilipomaliza, kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwake, kiazi nusu kimemenywa.

“Huyo mzee alikuwa na akili,” akasema. “Ni wa kwetu?”

Nikamwambia ndiyo, ni wa kwetu.

Akarudi kwenye kiazi chake.

Msalimie sana Noreen, na uwabusu pacha kwa niaba ya babu yao. Nimempa mpwa wa Selby, anayerudi huko kazini wiki ijayo, nyama ya kulungu niliyoipika na kuifunga kwenye chupa. Mtaila na viazi, na mkila mjue ni Baba aliyemwita. Hedley anakusalimu, Selby anakusalimu, na Baba anasema nikuandikie kwamba upepo leo ni wa kaskazini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Effie Keeping